Mambo Msiige: Jumba la Hofu Lililogeuka Hoteli

Hakuna mtaa wa pwani usio na jumba lake la kuogopwa. Hapa kwetu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, nyumba ikikaa miaka haina mtu, madirisha yakang'oka na popo wakahamia darini, watoto hukanywa wasipite hapo baada ya magharibi. Ndugu zetu wa Unguja nao wana lao, wala si kibanda. Ni jumba la Mambo Msiige, lililoko Shangani ukingoni mwa bahari, ambalo liliwahi kuwa hospitali na leo ni hoteli ya kifahari.

Lilijengwa baina ya mwaka 1847 na 1850 kwa ajili ya tajiri mmoja wa Kiarabu. Yasemekana chokaa ya kuta zake ilikorogwa kwa maelfu ya mayai ili ishike barabara, na kwa israfu hiyo likapewa jina lake: haya ni mambo, nanyi msiyaige. (Mama yeyote aliyewahi kununua trei moja ya mayai mwisho wa mwezi atalielewa jina hilo bila kufafanuliwa.)

Iko na hadithi ya pili, nayo ni nzito zaidi. Wazee husimulia kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta hizo ili jengo lipate nguvu. Mimi sioni kwamba hadithi kama hii huzuka bure. Unguja ya zama hizo ilikuwa na soko la watumwa, na mji unaouza watu huzisikia sauti zao hata baada ya soko kufungwa. Ajabu ni kwamba kuanzia mwaka 1874 jumba hilo hilo lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, ambako alifanya kazi Sir John Kirk, aliyemshikilia Sayyid Barghash hadi akatia saini mkataba wa Juni 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa. Waliokombolewa baharini, wengi wao waliletwa kwetu Kisauni, wakakaa Freretown. Kengele ya kuonya majahazi ya watumwa yanapoonekana ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, tunalolitaja kila siku ndani ya matatu bila kufikiri.

Ubalozi ulihama mwaka 1913. Kuanzia 1918 hadi 1924 jumba likawa hospitali ya Wazungu, kisha likawa ofisi za serikali. Nyumba iliyobeba kwanza uvumi wa makaburi ukutani, kisha vitanda vya wagonjwa, haikosi kusemwa.

Sisi Waislamu hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba shetani huikimbia nyumba inayosomwa Suratul Baqara, hakutufundisha kuihama nyumba na kuiacha ibomoke. Kwa hivyo siwalaumu walioamua kulikarabati jumba lile. Mwaka 2015 lilifunguliwa likiwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, yenye vyumba 67, na wageni sasa hulala usingizi mzito palipoogopwa.

Lililonikera ni jingine. Pembeni ya jumba palikuwa na uwanja wazi unaotazama bahari, na jengo jipya la hoteli likasimamishwa hapo. UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, ililalamikia urefu wa jengo hilo na kupotea kwa uwanja huo. Kuta za kale zimepona, lakini upepo wa jioni uliokuwa wa kila mtu umepungua. Likoni nako fukwe zetu zinaanza kuzungushiwa kuta. Tukisikia jumba fulani bovu la ufukweni linatafutiwa mwekezaji, tusiulize tu kama lina majini. Tuulize pia njia ya watoto ya kwenda baharini itapita wapi, na tuulize kabla msingi haujachimbwa.