Mtandao Ukikwama, Usikimbilie Kuongeza Pesa

Mwanangu akianza kupakia video mtandaoni, simu ya mamake kwa dada yake aliyeko Maskati huharibika: uso unaganda, sauti yafika vipande vipande. Mara mbili nimelipia kasi kubwa zaidi, na mambo ni yale yale. Ndipo nikaelewa kwamba tatizo letu ni foleni.

Data hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ruta hufanya kazi kama kivuko cha Likoni: zikija pakiti nyingi kuliko zinazoweza kuvuka, husubiri. Pa kusubiria pakijaa, zinazofuata hutupwa, na kompyuta iliyozituma huzituma upya.

Oktoba 1986, huko Berkeley, Marekani, kurudiarudia huko kuliziba njia kati ya maabara na chuo kikuu vilivyo jirani, umbali wa kama mita 400. Kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha dawa: kompyuta ianze polepole, iongeze kidogo kidogo, na ikiona pakiti imepotea ipunguze kasi mara moja. Hakuna askari wa trafiki. Kila mmoja hujizuia mwenyewe.

Lakini kumbukumbu ya kompyuta iliposhuka bei, watengenezaji waliweka ndani ya ruta foleni ndefu mno. Pakiti hazitupwi mapema, kwa hivyo kompyuta haipati ishara ya kupunguza mwendo. Video ya mwanangu hujaza foleni, na sauti ya mamake, ingawa ni ndogo, hukaa nyuma ikingoja.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walitoa mbinu iitwayo CoDel. Haiangalii urefu wa foleni, bali muda ambao pakiti imengoja. Kuchelewa kukizidi milisekunde 5 na kuendelea hivyo, huanza kutupa pakiti, nayo kompyuta inayotuma hupunguza kasi.

Basi kabla ya kuongeza pesa, pima mtandao wako mara mbili: ukiwa mtulivu, kisha mtu akiwa anapakia video. Muda wa kungoja ukipanda sana mara ya pili, muulize fundi kama ruta yako inaweza kusimamia foleni, na aweke kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi unayolipia.

Mimi nilifanya hivyo. Sasa dada hao wawili huzungumza hadi chai ipoe.