Mchambuzi wa Biashara na Kazi ya Kuuliza Kabla ya Kununua

Mchambuzi wa biashara ni mtaalamu anayechunguza jinsi shirika linavyoendesha shughuli zake, akabainisha kinacholikwamisha na mahitaji halisi ya watu wanaoguswa na mkwamo huo, kisha akaeleza kwa maandishi mabadiliko yanayostahili kufanywa, yawe ya programu ya kompyuta, ya utaratibu wa ofisi au ya mgawanyo wa majukumu. Kazi hii haifungamani na maduka na viwanda peke yake, kwa kuwa hospitali, shule, serikali ya kaunti na chama cha ushirika vyote vina shughuli zinazohitaji kuchambuliwa. Vilevile haipaswi kuchanganywa na kazi ya meneja wa mradi, ambaye husimamia muda na fedha za utekelezaji, wala ya mwandishi wa programu, ambaye huunda mfumo wenyewe. Mchambuzi hutangulia wote wawili kwa kuhakikisha kwamba kinachotekelezwa kinafaa kutekelezwa.

Umuhimu wake unaonekana wazi katika Kaunti ya Kajiado. Kitengela na Ongata Rongai ni miji iliyopanuka kwa kasi kutokana na ukaribu wake na Nairobi, na pamoja na wakazi wapya zimekuja shule za binafsi, zahanati, sacco, maduka makubwa na kampuni za ujenzi. Taasisi ya namna hiyo huanza ikiendeshwa kwa daftari na kumbukumbu za mwanzilishi wake. Inapokua hushawishika kununua mfumo wa kompyuta, na mara nyingi mfumo hununuliwa kabla hajatokea mtu wa kuuliza unakwenda kuondoa kero gani.

Uchukuliwe mfano wa karo katika shule yoyote ya binafsi, ambapo mkurugenzi analalamika kuwa hesabu hazilingani na anataka programu mpya. Mchambuzi hapokei agizo hilo kama lilivyo, bali huketi na karani wa fedha katika wiki ya kufungua shule, akafuatilia malipo tangu yanapotoka kwenye simu ya mzazi hadi yanapoingia kwenye leja. Huenda akagundua kwamba mzazi mwenye watoto watatu hutuma fedha zote kwa mpigo akitumia nambari ya usajili ya mtoto mmoja, kwamba mwingine huandika jina mahali pa nambari, na kwamba karani hulazimika kuwapigia simu wazazi mmoja baada ya mwingine ili ajue fedha ni za nani. Programu mpya inayotegemea nambari zilezile itarithi kasoro ileile, ilhali kuipa kila familia nambari moja ya malipo, na kuamua mapema jinsi fedha zitakavyogawanywa kati ya watoto, kunaweza kuondoa sehemu kubwa ya usumbufu kwa gharama ndogo.

Baada ya uchunguzi huo mchambuzi huandika mahitaji, yaani maelezo ya kile ambacho suluhisho lazima lifanye, na hapa ndipo ustadi wake hupimwa. Kusema kwamba mfumo uwe wa haraka si hitaji, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kama limetimizwa. Kusema kwamba mzazi apate risiti ndani ya dakika moja baada ya kulipa ni hitaji, kwa kuwa linapimika na mtengenezaji anaweza kuwajibishwa kwalo.

Ushahidi mkubwa zaidi wa thamani ya kazi hii katika Afrika Mashariki ni historia ya M-Pesa. Mradi huo, uliobuniwa ndani ya kampuni ya Vodafone chini ya Nick Hughes na kusimamiwa nchini Kenya na Susie Lonie, haukukusudiwa awali kuwa huduma ya kutumiana fedha, bali njia ya kuwawezesha wateja wa mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa ushirikiano na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, yakiwahusisha wateja wasiofika 500 katika Nairobi na Thika. Wasimamizi hawakutosheka na kuuliza kama mfumo unafanya kazi. Walichunguza watu wanaufanyia nini. Waliona wateja wakiwatumia jamaa fedha, wakilipana wao kwa wao katika biashara, na wengine wakiweka fedha kwa wakala kabla ya safari ili wazitoe wafikapo. Upande wa Faulu mambo yalikuwa magumu, kwani kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyake kulikuwa kazi nzito, na mikutano ya vikundi, ambayo ndiyo nguzo ya dhamana ya mikopo hiyo, ilitishiwa na wanachama ambao hawakuona tena haja ya kuhudhuria. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, lengo la mikopo lilikuwa limewekwa kando na kutuma fedha nyumbani kukashika nafasi yake. Uamuzi huo wa kuacha wazo la awali kwa sababu watumiaji walionyesha hitaji jingine ni uchambuzi wa biashara katika ubora wake, hata kama waliouongoza hawakuitwa kwa cheo hicho.

Fikra hiyohiyo imeonekana Kitengela penyewe, nje ya ofisi yoyote. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na ambaye mwaka 2013 alieleza ubunifu wake katika jukwaa la TED nchini Marekani, alitafuta njia ya kuwazuia simba wasivamie ng'ombe wa familia yake. Alijaribu moto, akabaini kuwa mwanga wake uliwasaidia simba kuona ndani ya boma. Akajaribu sanamu, nayo simba wakaizoea kwa kuwa haikusogea. Usiku aliozunguka boma na tochi simba hawakuja, ndipo akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea, akaunda taa za kumetameta kwa betri ya gari na kifaa cha indiketa cha pikipiki. Kila jaribio lilimpa maelezo sahihi zaidi ya tatizo, na suluhisho likafuata maelezo hayo.

Mbali na kuandika mahitaji, stadi nyingine anayohitaji mchambuzi ni kuchora mtiririko wa kazi, yaani picha inayoonyesha kila hatua, anayehusika nayo na mahali inaposubiri. Mchoro wa namna hiyo wa mpaka wa Namanga ungeonyesha mara moja lori likikaguliwa upande wa Kenya kisha likikaguliwa tena upande wa Tanzania, urudufu ambao kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, kilikusudiwa kuuondoa kwa kuwaweka maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Zaidi ya michoro, mchambuzi anahitaji kuzimudu takwimu, kuandika kwa uwazi, na kusuluhisha wadau ambao matakwa yao yanapingana. Katika Kajiado, kuifahamu lugha ya Kimaasai humfikisha kwa wafugaji ambao dodoso la Kiingereza haliwafikii.

Taaluma hii ina chombo chake cha kimataifa, IIBA, kilichoanzishwa Toronto nchini Kanada mwaka 2003, ambacho hutoa vyeti vya ngazi kadhaa. Cheti cha kuanzia, ECBA, hakidai uzoefu wa kazi, kwa hiyo kiko wazi kwa vijana wa Rongai na Kitengela wanaomaliza masomo, ilhali kile cha ngazi ya juu, CBAP, hudai saa 7,500 za kazi ya uchambuzi. Wakurugenzi wa shule, sacco na zahanati za Kajiado wasisubiri hadi vijana hao wafikie ngazi hiyo ya juu: wawaajiri sasa, na wawape nafasi ya kuzungumza na makarani na wateja kabla ya mkataba wowote wa mfumo kutiwa saini.