Kumtaka radhi mwalimu bila ya kumuuliza kitu

Familia zetu nyingi za Maskati, Dubai na Doha siku hizi zina mtu wao Marekani: kijana wa chuo, mke aliyemfuata mumewe masomoni, mtoto aliyetiwa skuli ya huku hata Kiingereza hajakishika vizuri. Kabla ya kuja watu huulizia viza, nyumba, nyama ya halali, baridi. Sijapata kumsikia hata mmoja akiulizia namna ya kuzungumza na mwalimu. Hilo huonekana jepesi. Mwalimu ni mwalimu, unamsalimia, unamheshimu, basi.

Mimi nakaa Columbia Heights, kaskazini ya katikati ya jiji la Washington. Barabara yetu kubwa ni ile ya 14. Iliungua vibaya katika ghasia za Aprili 1968 baada ya kuuawa Martin Luther King, ikakaa na magofu miaka na miaka, na maduka yalianza kurudi kwa wingi baada ya steshini ya treni ya chini ya ardhi kufunguliwa 1999. Wamarekani Weusi ni wenyeji wa zamani, watu wa El Salvador ni wengi mno, Wahabeshi wapo. Sisi wa Oman na Zanzibar tunahesabika kwa vidole. Kwa hivyo likimfika mmoja wetu jambo, nyumba za kupiga hodi ni chache, na muhula uliopita hodi ilipigwa kwangu.

Aliyekuja ni binti wa Kimaskati. Mumewe anasoma shahada ya uzamili, mtoto wao wa miaka 7 yuko skuli moja hapa mtaani, na mdogo wake wa miaka 2 yuko nyumbani. Aliitwa kwenye kikao cha mzazi na mwalimu, vile vikao vya robo saa vinavyokwenda kwa saa ya ukutani. Mwalimu akamweleza mtoto anavyoendelea na kusoma, wakapanga asaidiwe zaidi. Yalipokwisha hayo, binti wetu akafanya ambacho mamake na bibi yake wangelifanya: akamjulia hali mwalimu. Una watoto wangapi? Mwalimu akasema hana. Kwa nini? Mwalimu akatabasamu tu. Basi yeye, kwa moyo safi kabisa, akamalizia kwa Kiingereza chake: inshaallah Mungu atakupa, lakini usichelewe, umri haungoji.

Mwalimu akafunga faili, akamshukuru kwa kuja, akainuka kumfungulia mlango.

"Khalati, mimi nimemuombea dua," aliniambia. "Wallahi nimemuombea dua, yeye ananitoa kama mtu aliyekuja kuomba senti!"

Siku tatu alikuwa na hasira, akidhani aliyevunjiwa heshima ni yeye. Siku ya nne msaidizi wa darasa, mama wa Kihabeshi, alimvuta pembeni pale getini akamwambia: siku ile ulipotoka, mwalimu alilia. Hakuongeza neno, na nashukuru hakuongeza.

Hapo hasira ikageuka aibu, na aibu ndiyo iliyotaka kuharibu mambo. Akaacha kumpeleka mtoto skuli. Baba akawa anamshusha getini mbio mbio na kuondoka. Sasa, yale mazungumzo ya dakika mbili ya asubuhi si kitu kidogo. Kwa mtoto anayejifunza kusoma katika lugha ya wenyewe, ndiyo yanayomwambia mama leo nyumbani wasome kitabu gani, na wapi mtoto amekwama. Yakakatika. Wiki ya pili mume akaanza kusema labda wamhamishe skuli. Na mtoto mwenyewe hajui lolote, anampenda mwalimu wake, kila jioni ni jina lake tu.

Kwetu kuuliza watoto ni salamu. Mtu asipokuulizia wanao utasema ana kinyongo na wewe. Ukiwa huna utaombewa dua, na pengine utatajiwa na daktari mzuri wa Bangkok. (Tusidanganyane, hata kwetu wapo wanaoumia wakiulizwa. Wamefunzwa kucheka tu.) Huku swali hilo lina njia nyengine liliyopitia, na walimu wanawake khasa ndio waliolipia.

Mfano mmoja ni wa jiji hilihili. Mary Church Terrell, mwanamke Mweusi msomi, alikuwa mwalimu wa sekondari Washington. Alipoolewa 1891 ilimbidi aache kazi, maana mwanamke mwenye mume hakuruhusiwa kufundisha. Mwaka 1895 jiji hilohilo likamteua mjumbe wa bodi yake ya elimu. Na katika miaka hiyo alizaa watoto watatu, mmoja baada ya mwengine, wote wakafa wangali wachanga, kabla ya kumpata binti aliyeishi, 1898. Nyumba aliyokaa ipo LeDroit Park, ninafika kwa miguu. Nikipita huko siku hizi huwaza: mtu angelimuuliza una watoto wangapi, angeanzia wapi kujibu?

Kanuni hizo hazikufia karne ya 19. Cleveland, jimbo la Ohio, mwalimu mwenye mimba alilazimishwa kuondoka darasani miezi mitano kabla ya kujifungua, atake asitake, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoikataa kanuni hiyo Januari 1974, katika kesi ya mwalimu aitwaye Jo Carol LaFleur. Miaka mitatu kabla, 1971, mahakama hiyohiyo ilisikiliza shauri la Ida Phillips wa Florida, aliyenyimwa kazi kiwandani kwa kuwa ana watoto wadogo, hali wanaume wenye watoto kama hao wakiajiriwa. Mahakama ikasema sheria ya 1964 hairuhusu masharti mamoja kwa wanawake na mengine kwa wanaume. Waajiri wakawa wanashauriwa swali la watoto wasilitie mdomoni kabisa. Vizazi viwili vitatu vimekulia humo. Anayekuuliza una watoto, kama si rafiki yako, unajiuliza anataka kukufanya nini.

Kisha kuna yale yasiyohusu sheria wala mahakama. Mimba zilizotoka. Matibabu yaliyomaliza akiba. Au mtu hataki tu, na hapa kutotaka ni jibu kamili. Katika hayo lipi ni la mwalimu wetu? Binti alitaka kulijua. Alitaka amuulize yule mama wa Kihabeshi. Nikamwambia ukiuliza hilo utakuwa umelifanya kosa mara ya pili, tena kwa mlango wa nyuma.

Mume naye alikuja na mpango wake, na ni mpango ambao mzee yeyote wa Maskati angeusifu. Twende sote wanne, mimi na mume wangu tukiwa ndio wazee, tuchukue halwa, udi na ubani, tukae mbele ya mwalimu, tusiinuke mpaka atamke kwamba amesamehe. Kwetu hivyo ndivyo nyoyo zinavyosafishwa, na mimi sioni njia nzuri kuliko hiyo, kwetu. Lakini mfikirie mwalimu. Yuko kazini, watoto mlangoni, watu wanne wageni wanamsubiri aseme neno. Akitaka asitake atasamehe, na atajiona lazima aeleze kwa nini aliumia. Na zawadi nayo ina hukumu yake: walimu wa skuli za umma wana mipaka ya kupokea vitu kutoka kwa wazazi, na ikitangulia kabla ya neno la radhi hufanana na kununua.

Nikashauri barua. Fupi, kwa mkono wake mwenyewe.

Barua ya kwanza aliyoiandika niliichana. Alikuwa ameandika "sorry" kwa kuwa huna watoto! Kwetu hilo halina ubaya, sisi tuna pole na tuna samahani, kila moja na kazi yake. Kiingereza kimezibeba zote mbili katika neno moja, na yeye alikusudia samahani akaandika pole. Mwalimu angeisoma angelia tena.

Ya pili ilijaa maelezo: kwetu ni kawaida, kwetu ni mapenzi, mama yangu pia huuliza. Tulibishana sana juu ya hayo. Yeye akiona bila ya maelezo ataonekana mshenzi. Mimi nikiona maelezo ni ya kujitetea, na mwalimu akitaka kuyajua siku moja atauliza mwenyewe. Tukayatoa. Iliyobaki, kwa Kiswahili, ni hivi: Siku ya kikao nilikuuliza mambo ya maisha yako ambayo hayakuwa haki yangu kuuliza, na nikakupa ushauri ambao hukuuomba. Naomba unisamehe. Sitorudia. Nakushukuru kwa unavyomfundisha mwanangu. Huna haja ya kunijibu.

Juu tuliandika jina la ukoo wa mwalimu. Hatukuandika "Teacher" peke yake, maana kwetu mwalimu ni cheo cha heshima cha kumwitia mtu, huku mtu mzima akimwita mwenzake hivyo husikika kama unavyomwita dereva kwa kazi yake. Barua ikafungwa, ikapelekwa ofisini na mama mwenyewe. Hatukumpa mtoto aibebe, kama ambavyo mtoto hafai kufanywa mkalimani wa mamake. Wakalimani wapo: sheria ya jiji ya 2004 inazitaka idara za serikali, skuli za umma zikiwemo, zimtafutie asiyejua Kiingereza mtu wa kumfasiria bila ya malipo. Mzazi aombe tu.

Baada ya siku mbili ikaja karatasi katika mkoba wa mtoto. Majina ya vitabu vitatu vya kusoma nyumbani, na chini yake mstari mmoja: Asante kwa barua yako, nimeipokea.

"Khalati, nimeipokea ndiyo amenisamehe?"

Nikamwambia sijui, mpeleke mwanao skuli kesho.

Akampeleka. Wiki ya kwanza ilikuwa kupungiana mkono kwa mbali. Wiki ya pili, khabari za kitabu. Skuli ilipokaribia kufungwa kwa likizo ya baridi akapeleka bakuli dogo la halwa kwa ajili ya walimu wote, na yule mwalimu akauliza hiki kinachonukia ni nini. Hiliki, akamwambia, wakakaa kidogo kulifunza neno hilo.

Juzi mwalimu mwenyewe ndiye aliyeuliza yule mdogo ataanza lini, maana hapa jijini watoto hupokelewa skuli za umma wakiwa na miaka 3. Binti wetu akajibu, mwakani inshaallah. Akaishia hapo.