Kafara ni ya Nani? Maswali Juu ya Msalaba, Damu na Msamaha

Nchini mwetu Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko kwa watu wa dini zote. Watoto wetu hukutana na habari za siku hizo kabla ya kufikia nyumbani: katika nyimbo za shule, katika maigizo, na katika msafara wa waumini wanaobeba msalaba wa mbao barabarani. Wakirudi huuliza. Mdogo huuliza kwa nini Nabii Isa (A.S.) aliteswa. Mkubwa, aliyekwisha kukaa na wenzake wa Kikristo akajadiliana nao, huuliza lililo zito zaidi: ikiwa Mwenyezi Mungu ni mwadilifu, dhambi hufutwaje pasi na mtu kulipa?

Mzazi anayejibu kwa kusema "hayo si yetu, usiyaulize" hajajibu. Amemwachia mwengine kazi ya kujibu. Kwa hivyo tumeona tuliandike suala hili kwa urefu kidogo, na tulianze pale ambapo haki inataka lianzwe, yaani kwa kueleza wanachokiamini jirani zetu namna wao wenyewe wanavyokieleza.

Wao husema hivi. Adamu aliasi, na kwa uasi wake dhambi na mauti vikaingia duniani, kama ilivyo katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 5. Mungu ni mtakatifu, hawezi kuifumbia macho dhambi. Naye ni mwenye upendo, hataki mja wake aangamie. Mwanadamu hana uwezo wa kulipa deni hilo. Basi Mungu akalilipa mwenyewe kwa kumtoa Yesu, asiye na dhambi, ambaye katika Injili ya Marko 10:45 anatajwa kuwa amekuja kuitoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Mkristo anapoyasema haya mara nyingi huyasema kwa shukrani na unyenyekevu, na hilo hatulidharau.

Lakini ukiuliza fidia hiyo alilipwa nani, majibu yanatofautiana, na yametofautiana ndani ya makanisa yenyewe tangu zamani. Origen, katika karne ya 3, alifundisha kuwa ni Shetani aliyelipwa, kwa kuwa ndiye aliyewateka wanadamu. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alilikataa jambo hilo katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, akasema aliyelipwa ni Mungu, ambaye heshima yake ilivunjwa. Abelard, aliyefariki mwaka 1142, akaona kuwa msalaba haukulipa kitu bali ulionyesha upendo ili nyoyo zilainike. Calvin, katika karne ya 16, akasisitiza kuwa Yesu alibeba adhabu iliyostahiki watu. Mabaraza makubwa ya Nikea mwaka 325 na Kalkedonia mwaka 451 yaliamua juu ya dhati ya Yesu, lakini hayakuamua ni kwa njia gani msalaba unaokoa. Hatuyasemi haya kwa kejeli. Tunayasema ili kijana wetu akiambiwa kuwa jambo hili liko wazi mno, ajue kuwa wanavyuoni wao wakubwa hawakuliona hivyo.

Tuje kwa Adamu, kwani jengo lote limesimama juu yake. Qur'ani Tukufu haikanushi kuwa alikosa. Inachokieleza ni yaliyofuata: katika Suratul A'raf aya ya 23, Adam na Hawaa wanaomba msamaha kwa pamoja, wakikiri kuwa wamejidhulumu nafsi zao, na katika Suratul Baqara aya ya 37, Mola wao anamfundisha Adam maneno ya kuombea toba, kisha anaipokea. Kesi ikafungwa hapo. Hakikubaki kitu cha kurithiwa na Habil, seuze mtoto aliyezaliwa jana katika wodi ya wazazi.

Akina mama wana sababu ya kuikaa aya hii zaidi ya wengine. Katika Biblia, Waraka wa kwanza kwa Timotheo 2:14 unasema kuwa aliyedanganywa ni mwanamke, si Adamu. Na katika Mwanzo 3:16 uchungu wa uzazi unatajwa kama malipo ya kosa lile. Qur'ani inawataja wawili hao pamoja katika kuteleza na pamoja katika kutubu, na inapomtaja mmoja peke yake kwa uasi, katika Sura Taha aya ya 121, inamtaja Adam. Uchungu wa mama nao una mahali pake: Suratu Luqman aya ya 14 na Suratul Ahqaf aya ya 15 zinautaja kuwa ni sababu ya mtoto kumfanyia wema mzazi wake. Mwanamke aliyeko katika uchungu halipi deni la bibi yake wa kwanza. Anatenda jambo ambalo mwanawe ataamrishwa alishukuru maisha yake yote.

Na mtoto je? Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliyefariki mwaka 430, ndiye aliyelipa fundisho la dhambi ya asili sura yake inayojulikana katika makanisa ya Magharibi. Yeye alishikilia kuwa mtoto mchanga anayekufa kabla ya kubatizwa huingia katika hukumu, ijapokuwa nyepesi kuliko ya wengine. Karne nyingi wazazi waliishi na fikra hiyo, au na ile iliyolainishwa ya mahali pa kando ambapo watoto hao hawaadhibiwi wala hawamwoni Mungu. Makanisa ya Orthodoksi ya Mashariki hayakukubali kuwa mtoto hurithi hatia. Na mwaka 2007 tume ya wanathiolojia wa Kanisa Katoliki ilitoa waraka unaosema kuwa kuna sababu ya kutumaini watoto hao wataokolewa. Sisi tunafurahi kuona tumaini hilo. Ila tunauliza: ikiwa rehema ya Mungu yaweza kumfikia mtoto bila ya ubatizo, kwa nini hatia ilimfikia bila ya kosa?

Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari alisimulia kumwona Nabii Ibrahim (A.S.) katika bustani, akiwa amezungukwa na watoto waliokufa wadogo. Mama aliyemzika mtoto wa siku tatu anaijua thamani ya habari hiyo, wala hahitaji sisi kumwongezea neno.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kafara. Wamisionari wa karne ya 19, Krapf huku Mombasa na Rabai na Steere kule Unguja, walipoanza kuitafsiri Biblia waliikuta lugha yetu ikiwa imekwisha kujaa maneno ya dini: dhambi, toba, sadaka, dhabihu, fidia. Wakayachukua, na maneno yakabeba maana mpya juu ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu Muislamu na Mkristo wa pwani waweza kuzungumza saa nzima kwa maneno yale yale, na kila mmoja akawa na lake moyoni.

Katika sharia, kafara hutolewa na aliyekosa mwenyewe. Aliyevunja kiapo, kwa mujibu wa Suratul Maida aya ya 89, huwalisha masikini 10 au kuwavisha, au humwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku 3. Tazama inakokwenda kafara hiyo: kwa wenye njaa na kwa mtumwa. Haiendi kwa Mungu, ambaye hali wala hanywi. Fidia ya mzee asiyeweza kufunga Ramadhani ni vivyo hivyo, chakula cha masikini. Hakuna katika hayo yote mtu asiye na kosa anayeumizwa ili mwenye kosa atoke.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo halitawapendeza wote. Wapo kwetu wanaoamka alfajiri kupeleka kafara njia panda au baharini, kuku, yai, sarafu zilizofungwa kitambaani, ili mkosi wa nyumba ubebwe na kitu kile au na mpita njia atakayekigusa. Anayefanya hivyo kisha akasimama kuwahoji Wakristo kwa nini wanaamini kuwa mwengine anaweza kuwabebea, amejiweka pabaya. Suratu Fatir aya ya 18 inayosema kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine haikuteremshwa kwa ajili ya jirani tu.

Jirani mwenye elimu atakuwa na majibu, na watoto wetu wayasikie. La kwanza atasema: kwani ninyi hamchinji siku ya Idi? Na Qur'ani yenu si inasema katika Suratus Saffat, aya ya 107, kuwa mwana wa Ibrahim alikombolewa kwa dhabihu kubwa? Ni kweli inasema. Lakini zisomwe aya kuanzia 102. Kijana yule hakuwa na dhambi iliyokuwa ikilipiwa, wala baba yake hakuwa nayo. Ulikuwa mtihani wa utiifu, wote wawili wakafaulu, na kondoo akaja baada ya kufaulu kwao. Mungu aliuzuia mkono usimchinje mtoto. Na kuhusu nyama ya Idi, Suratul Hajj aya ya 37 imekata shauri: nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni uchamungu wa mchinjaji. Nyama inabaki duniani na masikini anapata fungu lake.

La pili ni zito zaidi. Atasema: mwenye duka akilifuta deni lako katika daftari, hasara haikupotea, ameibeba yeye. Basi Mungu naye aliposamehe aliibeba hasara, na msalaba ndio hasara hiyo. Hoja hii ina uzito na haifai kujibiwa kwa kicheko. Jibu letu ni kuwa mwenye duka hupungukiwa kwa sababu mali yake ina kikomo. Katika hadithi qudsi iliyo katika Sahih Muslim, Mwenyezi Mungu anaeleza kuwa lau viumbe wote, watu na majini, wangesimama pamoja na kila mmoja akapewa alichokiomba, kisingepungua kilichoko Kwake ila kama kinavyopunguza sindano iliyochovywa baharini. Sisi wa pwani tumesimama mbele ya bahari hiyo, tunaweza kukadiria. Asiyepungukiwa anaposamehe, hana hasara ya kumtwisha mtu, sembuse kuifidia kwa damu.

Biblia yenyewe ina mengi yanayosema hivyo. Waraka kwa Waebrania 9:22 unasema kuwa bila kumwaga damu hakuna ondoleo, ila mwandishi wake ametanguliza neno la kukadiria, na kwa sababu nzuri: katika Mambo ya Walawi 5:11 masikini asiyeweza hata njiwa anaruhusiwa kuleta unga kwa ajili ya dhambi yake, naye husamehewa. Watu wa Ninawi katika kitabu cha Yona walifunga na kutubu, hawakuambiwa walete damu. Ezekieli 18:20 inakataa mwana kuubeba uovu wa baba. Na yule baba katika Luka 15 alimkimbilia mwanawe aliyepotea akamkumbatia. Ndama alichinjwa kwa ajili ya karamu, baada ya msamaha kwisha kutolewa.

Kuhusu tukio lenyewe la msalaba, Suratun Nisaa aya ya 157 inakanusha kuwa Nabii Isa aliuawa au alisulubiwa, na inasema walitatanishwa. Namna ilivyokuwa wafasiri wamehitilafiana, na haitupasi kumlazimisha mtoto achague kauli moja. Hapa ndipo mihadhara yetu ya hadhara, iliyoenea tangu zama za Sheikh Ahmed Deedat (1918–2005), imetufaa na pia imetudhuru. Imewapa vijana ujuzi wa milango na aya za Biblia. Adabu haikuwapa kwa kiasi hicho hicho, na Suratul Ankabut aya ya 46 imeamrisha mjadala na Watu wa Kitabu uwe kwa njia iliyo bora. Mke wa Kikristo wa shemeji yako si mkutano wa hadhara.

Limebaki la kwetu. Tukisema hakuna anayetubebea, tumejitwika mzigo mkubwa, na wanavyuoni wameueleza katika masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirejea, na ikiwa kosa ni haki ya mtu, kuirejesha. Sharti hili la nne ndilo linalorukwa. Kaka aliyekalia shamba la minazi la marehemu baba miaka 15, dada zake wakiwa hawajapata hata fungu moja la mirathi, huenda ana Hija mbili na huchinja kila Idi. Katika Sahih Muslim Mtume (S.A.W.) amemtaja aliyefilisika kuwa ni yule atakayekuja na sala, funga na zaka, akiwa amekula mali ya huyu na kumpiga yule, mema yake yatagawiwa aliowadhulumu mpaka yaishe.

Jirani zetu nao wana mfano wake, na watoto wao huuimba. Ni Zakayo wa Yeriko katika Luka 19, mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti. Alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa masikini, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara 4. Yesu akatangaza kuwa wokovu umefika katika nyumba ile siku ile ile, naye alikuwa bado hajaingia Yerusalemu.