Treni ya kifahari Cape Town–Dar: Soko lipo, reli ndiyo inayosubiriwa

Julai 1993 treni ya kampuni binafsi ya Afrika Kusini, Rovos Rail, ilifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza ikitokea Cape Town. Kuanzia hapo jiji hili likaingia katika orodha fupi ya miji ya dunia ambako safari ya kifahari ya kuvuka bara kwa reli huanzia au kuishia. Nauli yake imekwishapita dola za Marekani 10,000 kwa abiria mmoja, na wanunuzi wake wengi ni watalii wa Ulaya, Marekani na Australia.

Hata hivyo, anayetaka kuinunua safari hiyo, na hata mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayetaka kuuza chochote kwa wasafiri hao, hana budi kuanza hesabu zake kwenye reli. Ubora wa mabehewa unajulikana na mvinyo wa mezani hauna maswali. Kinachoamua kama treni itafika, na itafika siku gani, ni hali ya njia ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 kati ya Kapiri Mposhi na Dar es Salaam.

Biashara iliyoanza kwa mabehewa ya familia

Mwenye Rovos Rail, Rohan Vos, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Alinunua mabehewa ya zamani akitaka kuyakarabati kwa matembezi ya familia yake. Shirika la reli la nchi yake lilipomwonyesha gharama za kupita kwenye njia zake, lilimshauri auze tiketi ili kupunguza mzigo. Kampuni ikaanza safari mwaka 1989, makao yake yakiwa Pretoria.

Mtaji wake kwa kiasi kikubwa ni vitu vya zamani. Mabehewa yaliyotupwa na mashirika ya umma yalinunuliwa, yakavuliwa hadi kubaki chuma kitupu, kisha yakatengenezwa upya kwa mbao, mazulia na taa za mtindo wa kale. Treni nzima hubeba abiria wasiozidi 72. Vyumba ni vya madaraja matatu: Pullman wenye takribani mita 7 za mraba, Deluxe unaokaribia 10, na Royal wenye 16, ambao huchukua nusu ya behewa na una beseni la kuogea.

Mnunuzi hapewi mwendo kasi. Treni hiyo haizidi kilomita 60 kwa saa. Simu na kompyuta haziruhusiwi katika mabehewa ya chakula na mapumziko, na jioni wanaume huvaa suti na tai. Kinachouzwa hapa ni muda, utulivu na hadhi, bidhaa ambazo ndege haiwezi kuziuza kwa bei yoyote.

Hesabu ya haraka inaonyesha uzito wa biashara yenyewe. Treni ikijaa, abiria 72 kwa dola 10,000 tu kila mmoja ni dola 720,000 kwa safari moja, na hicho ni kiwango cha chini. Upande wa pili wa daftari una ushuru wa njia wa kila shirika la reli, kukodi vichwa vya treni, mafuta, chakula, vinywaji, mishahara, matembezi ya hifadhini na hoteli. Kila siku treni inapochelewa, mapato hayaongezeki hata senti moja, lakini gharama zote hizo zinaendelea kuhesabiwa.

Kwa nini treni inaweza kufika Dar

Wengi hudhani treni ya Cape Town hufika Dar es Salaam kwa sababu ya mikataba tu. Sababu ya kwanza ni upana wa reli. Njia za Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe na Zambia zina upana wa milimita 1,067. Serikali za Tanzania na Zambia zilipojenga TAZARA kwa msaada wa China, zilichagua kipimo hicho hicho. Reli ya Kati ya Tanzania ina milimita 1,000, na ile mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ina 1,435. Kwa hiyo treni hiyo haiwezi kuendelea hadi Dodoma wala Kigoma bila kubadilishiwa magurudumu.

TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China wa yuani milioni 988 usio na riba, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Lengo lilikuwa kuipa Zambia mlango wa bahari usiopitia nchi zilizokuwa chini ya utawala wa walowezi. Kuna kinaya hapa ambacho wazee wa siasa hawakosi kukigusa: reli iliyojengwa ili kuikwepa Afrika Kusini ya wakati ule ndiyo iliyokuja kubeba treni ya kifahari kutoka huko, mara tu mabadiliko yalipoanza.

Kati ya kilomita hizo 1,860, Tanzania ina 975 na Zambia 885. Sehemu ngumu kuliko zote iko upande wa Tanzania, kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu kwa kupita mahandaki 18 na madaraja mengi. Karibu na Uyole, Mbeya, reli inafikia kimo cha takribani mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtalii, hii ndiyo sehemu ya kukaa kwenye behewa la nyuma na kamera mkononi. Kwa dereva wa treni, ni sehemu ya kushika breki, na kwa mhasibu ni sehemu ambayo matengenezo yake ni ghali kuliko nyingine zote.

Reli hiyo ilibuniwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Kufikia mwaka wa fedha 2014/15 ilikuwa imeshuka chini ya tani 100,000. Reli isiyo na mizigo haina fedha za kununua mataruma na kokoto, na isipopata mataruma na kokoto inapoteza mizigo zaidi. Abiria wa kifahari hawawezi kulivunja duara hilo peke yao, kwani treni chache kwa mwaka hazitoshi kulipia njia ndefu kiasi hicho.

Tumaini la soko limewekwa kwa China kwa mara nyingine. Septemba 2024, mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China, hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA ilitiwa saini Beijing. Mwaka 2025 ukafuata mkataba wa ukodishaji wa miaka 30 na kampuni ya China, CCECC, ukiwa na uwekezaji unaotajwa kufikia dola bilioni 1.4. Wachumi wanaona kwamba mpango huo umelenga shaba ya Zambia na Kongo, wala si watalii. Lakini taruma likishabadilishwa halichagui linambeba nani.

Namna ya kuipanga safari

Kwa anayekusudia kusafiri, jambo la kwanza ni kumuuliza wakala, kwa maandishi, kama treni ya msimu huo inafika Dar es Salaam kwa reli mwanzo hadi mwisho. Reli inayokarabatiwa hufungwa vipande vipande. Wakala makini ataeleza abiria watasafirishwaje iwapo njia itakatika, na nani atalipa. Jibu la mdomo halitoshi kwa bidhaa ya bei hii.

Jambo la pili ni majira. Masika ya Machi hadi Mei huleta maporomoko na maji kwenye tuta la reli katika bonde la Kilombero. Kipindi cha Juni hadi Oktoba ni kikavu, wanyama huonekana kwa urahisi hifadhini, na si bahati kwamba safari ya kwanza ilifanywa Julai. Kwa kuwa vyumba ni vichache na safari za Dar es Salaam ni chache kwa mwaka, nafasi hukatwa miezi mingi kabla.

Jambo la tatu ni kujua nauli inabeba nini. Kwa kawaida huingiza chumba, milo yote, vinywaji na matembezi yaliyo kwenye ratiba: mji wa almasi wa Kimberley, hifadhi ya Madikwe, maporomoko ya Victoria na maporomoko ya Chisimba kaskazini mwa Zambia. Shampeni ya Ufaransa hulipiwa pembeni. Nauli ya ndege ya kwenda kuanzia safari au kurudi nyumbani, viza, bima na hoteli za kabla na baada ya treni ni mzigo wa msafiri. Anayesafiri peke yake huongezewa kiasi, kwa kuwa chumba hupigiwa hesabu ya watu wawili.

Jambo la nne ni karatasi. Njia inapita nchi tano: Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe, Zambia na Tanzania. Mtalii wa mbali hana budi kukagua masharti ya viza ya kila nchi, kuwa na pasipoti yenye kurasa tupu za kutosha na kubeba cheti cha chanjo ya homa ya manjano pale kinapotakiwa. Mgeni anayeendelea Zanzibar aongeze bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024. Mtanzania ana nafuu, kwa kuwa matembezi mafupi katika nchi hizo hayamlazimu kutafuta viza mapema.

Jambo la tano ni fedha taslimu. Dola ndogo ndogo safi husaidia njiani, hasa Zimbabwe, lakini zikifika Tanzania zipelekwe benki au duka la kubadilisha fedha. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa malipo machache maalumu.

Mwisho, msafiri asikate ndege ya kuondoka siku ile ile treni inapotarajiwa kufika. Siku mbili za akiba Dar es Salaam ni bima ya bei nafuu kuliko tiketi ya ndege iliyopotea.

Nini kinabaki Dar es Salaam?

Siku hizo mbili za akiba ndizo sehemu ya mapato ambayo wafanyabiashara wa hapa wanaweza kuigusa. Nauli hulipwa Afrika Kusini au kwa wakala wa Ulaya. TAZARA hupata ushuru wa njia. Lakini abiria anaposhuka stesheni akiwa amemaliza wiki mbili ndani ya treni, huhitaji hoteli, teksi, chakula cha jioni, boti au ndege ya Zanzibar, na mara nyingi siku chache za kupumzika ufukweni. Anayeanzia Dar es Salaam kwenda kusini huhitaji hivyo hivyo kabla ya kupanda.

Vile vile treni ni hoteli inayotembea, na hoteli hula kila siku. Mchele wa Kyela, viazi vya Mbeya, chai ya Mufindi, kahawa ya Mbozi na samaki wa Feri vyote viko kando ya njia hii au mwisho wake. Kinachotakiwa na wapishi wa kiwango hicho ni ubora usiobadilika, vifungashio safi na mzigo kufika stesheni saa iliyokubaliwa. Mkulima mmoja mmoja hawezi kutimiza hayo, ila chama cha ushirika au msambazaji mmoja mwenye jokofu na gari anaweza.

Mshindani yuko magharibi

Wauzaji wa Dar es Salaam wasijione peke yao sokoni. Mwaka 2019 Rovos Rail ilifungua safari ya Dar es Salaam hadi Lobito, Angola, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, ikipitia Zambia na Kongo. Safari hiyo iliwezekana kwa sababu reli ya Benguela, iliyokuwa imeharibiwa na vita, ilijengwa upya na China katika muongo uliopita. Kuanzia 2024 njia hiyo iko mikononi mwa kampuni ya Lobito Atlantic, na nchi za Magharibi zimeipa kipaumbele kama mlango wa shaba.

Katika safari hiyo Lobito na Dar es Salaam ni ncha mbili, na hilo ni jambo jema kwa pande zote. Lakini upande mmoja ukitengenezwa na mwingine ukichelewa, waandaaji watapanga ratiba kufuata reli iliyo tayari. Treni inaweza kutoka Cape Town, ikapita Victoria Falls na kugeukia magharibi bila kuikanyaga ardhi ya Tanzania.

Duniani soko hili lina washindani wa muda mrefu. Indian Pacific ya Australia husafiri kilomita 4,352 kati ya Sydney na Perth tangu 1970, na reli ya Siberia ina kilomita 9,289 kati ya Moscow na Vladivostok. Zote mbili zina faida ya kuwa ndani ya nchi moja, chini ya mamlaka moja. Safari ya Cape Town hadi Dar es Salaam inategemea nchi tano kukubaliana, na sehemu yake ya mwisho inategemea nchi mbili kuitunza reli moja.

Kwa wenye hoteli, mawakala na wasambazaji wa Dar es Salaam, ushauri wa soko ni kufuatilia ratiba ya ukarabati wa TAZARA kama wanavyofuatilia bei ya dola. Wateja wa bidhaa hii ni wachache, hulipa mapema na husimuliana. Atakayekuwa na vyumba, gari na mzigo tayari siku kipande cha Mlimba–Makambako kitakapopitika bila wasiwasi ndiye atakayewapata.