Kwa nini wiski bado inapikwa kwenye shaba? Kisa cha mafundi wa Rothes

Wengi wetu tumewahi kuona mtambo wa gongo, walau kwenye picha: pipa, moto chini yake, bomba linalopita kwenye maji baridi, na chupa inayosubiri matone. Kanuni yake ni ile ile inayotumika kwenye viwanda vikubwa vya wiski kule Scotland. Pombe huchemka kwenye nyuzi joto 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia huwa na pombe nyingi zaidi. Ukiunasa na kuupoza, umekeneka. Lakini Waskoti hawatumii pipa la chuma. Wanatumia chungu kikubwa cha shaba nyekundu chenye shingo ndefu, na kuna watu ambao kazi yao ya maisha ni kuvitengeneza vyungu hivyo.

Twende Rothes, mji mdogo karibu na mto Spey. Miaka ya 1890 kijana mmoja, Alexander Forsyth, alianza hapo uanagenzi wa ufuaji shaba chini ya fundi Robert Willison. Mwaka 1933 Willison alipostaafu, Forsyth akainunua karakana. Hebu angalia mwaka wenyewe. Mdororo wa uchumi ulikuwa umezibana nchi nyingi, Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920 na ikaja kuifungulia Desemba hiyo hiyo ya 1933, na viwanda vingi vya wiski vya Scotland vilikuwa kimya. Kununua karakana ya vyungu wakati huo kulitaka roho ngumu, au pengine hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Vyovyote iwavyo, kampuni ya Forsyths ipo hadi leo.

Sasa, kwa nini shaba? Jibu la kwanza ni la fundi: ni laini. Bamba lake ukilipasha moto hulainika, halafu unaligonga na kulipinda mpaka lifuate umbo unalotaka. Jibu la pili ni la mpishi: hupitisha joto karibu mara 25 kuliko chuma kisichoshika kutu. Haya mawili yangetosha miaka ya 1800. Leo tuna mashine za kukunja chuma chochote na mabomba ya mvuke ya kuchemshia, na chuma kisichoshika kutu ni rahisi zaidi na hudumu zaidi. Viwanda vya bia vilihamia huko zamani, ingawa Waingereza bado huliita pipa la kuchemshia bia kwa jina la shaba hata kama halina shaba. Wapika wiski wamekataa, na sababu yao iko kwenye kemia.

Chachu inapogeuza sukari ya shayiri kuwa pombe, huacha pia michanganyiko ya salfa. Mmojawapo, dimethili trisalfaidi, hunuka kama kabichi iliyooza, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Mvuke unapopanda na kugusa ukuta wa shaba, salfa hung'ang'ania shaba na kubaki nyuma. Kinachotoka upande wa pili ni kinywaji safi zaidi. Kwenye chuma kisichoshika kutu hakuna wa kuishika, kwa hiyo harufu inapita moja kwa moja mpaka kwenye glasi.

(Usichanganye mambo hapa: shaba haiondoi methanoli. Pombe inayopofusha watu mara nyingi huwa imechanganywa na methanoli ya viwandani, na hakuna bomba la shaba litakaloisafisha.)

Ila kila mmenyuko una gharama. Shaba inayoshika salfa huliwa kidogo kidogo, na sehemu yake huondoka pamoja na maji machafu. Miaka inapita, ukuta unakuwa mwembamba, hasa kwenye mabega na bomba la juu ambako mvuke hupiga zaidi. Zamani fundi aligonga kwa nyundo na kusikiliza mlio. Siku hizi unene hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Pakishakuwa pembamba, kipande kinakatwa na kuwekwa kingine. Yaani chungu hufanya kazi kwa kujitafuna chenyewe, na ndiyo maana mfua shaba hakosi kazi.

Kazi yenyewe imebadilika. Vyungu vya kale viliungwa kwa ribiti. Ernest, mtoto wa Alexander, ndiye aliyeleta uchomeleaji katika karakana hiyo. Lakini moto wa kuchomelea hulainisha shaba, kwa hiyo bado lazima igongwe ili ikaze, maana kila pigo huzibana fuwele za metali na kuzifanya zigome kuteleza.

Umbo nalo haliguswi ovyo. Shingo ikiwa ndefu, mvuke mzito hupoa njiani na kurudi chini kuchemshwa tena, na wiski hutoka nyepesi. Ikiwa fupi, hutoka nzito. Macallan walipofungua kiwanda kipya mwaka 2018, Forsyths waliwatengenezea vyungu 36, vidogo vidogo kama vile vya zamani. Kwa ukubwa wa kiwanda kile ungetegemea vichache vikubwa, lakini nani atathubutu kubadilisha ladha iliyokwisha kuuzika?

Hata hivyo, wiski peke yake isingeilisha karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 soko liliporomoka, na mwaka 1983 vikafungwa viwanda kadhaa, vikiwemo Port Ellen na Brora. Hapo mafuta ya Bahari ya Kaskazini yakaokoa jahazi: mtu anayejua kuchomelea chungu kinachohimili mvuke anaweza kujenga matangi na mabomba ya visima vya baharini. Wiski iliporudi, mafundi walikuwa bado wapo Rothes, na vyungu vyao vimeshafika mpaka Taiwan, kwenye kiwanda cha Kavalan.