Likizo Pekee Haitoshi: Sayansi ya Kupumzika Msimu wa Krismasi

Kila Desemba inapofika katikati, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, hujaa mabasi na magari madogo yanayowarudisha Wachagga nyumbani, katika safari ambayo kwa utani wa miaka mingi huitwa kwenda kuhesabiwa. Huko Rombo, Marangu, Machame na Kibosho, nyumba zilizobaki na wazee wawili mwaka mzima hupokea watoto, wakamwana na wajukuu kwa wiki moja au mbili, na katika siku hizo chache hubanwa ubatizo, harusi, vikao vya ukoo na ujenzi uliokuwa ukisubiri fedha za mjini. Si wachache wanaorejea kazini Januari wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka, na sayansi ya usingizi na ya mapumziko inaeleza ni kwa nini.

Mwaka 1982 Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich nchini Uswisi, alieleza kwamba usingizi huongozwa na mifumo miwili inayokwenda sambamba. Wa kwanza ni shinikizo la usingizi, yaani haja ya kulala inayoongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, ambayo wanasayansi wanaihusisha na adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo unapotumia nishati na kupungua mtu anapolala. Wa pili ni saa ya mwili, mzunguko wa takriban saa 24 unaoongozwa na kundi dogo la seli ndani ya ubongo, ambalo hupokea taarifa za mwanga kutoka machoni na kuamua wakati wa kutolewa kwa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Usingizi huwa mzuri mifumo hiyo inapokubaliana, lakini mikesha ya kanisani, muziki na mazungumzo ya ndugu walioachana kwa mwaka mzima hurefusha saa za kukaa macho, na kulala alfajiri hadi mchana huichelewesha saa ya mwili, hata siku ya kurudi kazini ikifika mwili unakuwa bado unafuata ratiba ya sherehe.

Saa zinazokosekana kila usiku hujumlishwa na kuwa kile kinachoitwa deni la usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 kwa usiku, na mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu waliolala saa 6 tu kwa usiku, kwa majuma mawili mfululizo, walizidi kupungukiwa umakini siku hadi siku, ilhali wao wenyewe walijiona wameshazoea. Hapo ndipo ilipo hatari ya deni hili, kwamba mwenye nalo ndiye asiyeweza kulipima.

Hatari hiyo huonekana zaidi barabarani. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walibaini kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kama mtu ambaye kiwango cha kileo katika damu yake kimefikia asilimia 0.05. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akashinda kazini, kisha akapakia mizigo na kuondoka Dar es Salaam jioni, hufikisha saa hizo 17 ifikapo saa nne usiku, huku miji ya Same na Mwanga ikiwa bado iko mbele yake. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi adenosini katika ubongo. Kinachoiondoa ni usingizi.

Vinywaji vya msimu navyo vina sehemu yake. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi isiyokosekana katika vikao vya ukoo, humfanya mnywaji asinzie upesi, kisha kileo kinapovunjwavunjwa na ini usingizi hukatikakatika katika nusu ya pili ya usiku. Kahawa, zao la Mlima Kilimanjaro, huondoa usinzivu kwa sababu kafeini hukalia nafasi za adenosini katika seli za ubongo bila kuipunguza adenosini yenyewe, na kwa watu wengi takriban nusu yake huwa ingali mwilini saa tano baada ya kunywewa.

Moyo pia huathirika. Watafiti wa Sweden waliochambua visa zaidi ya 283,000 vya mshtuko wa moyo vya miaka ya 1998 hadi 2013 walitangaza mwaka 2018 kwamba hatari ilipanda kwa asilimia 37 katika mkesha wa Krismasi, na kilele kilikuwa mnamo saa nne usiku. Walioathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 75 na wenye kisukari au maradhi ya moyo. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha chanzo, na Sweden ina majira ya baridi kali, lakini unatosha kuwakumbusha wana ukoo kwamba babu mwenye shinikizo la damu anapaswa kunywa dawa zake kwa wakati na kuruhusiwa kwenda kulala mapema, hata kama wageni bado wamejaa uani.

Usingizi, hata hivyo, ni sehemu moja tu ya mapumziko. Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walibainisha mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu: kuiacha kazi kimawazo, kutulia, kujifunza jambo jipya, na kuwa na mamlaka juu ya muda wake mwenyewe. Kwa kipimo hicho, likizo ya mkamwana anayeamka kabla ya jua kuwasha kuni, kumenya mikungu ya ndizi za machalari, kuosha masufuria na kupokea wageni hadi usiku haina hata moja kati ya hayo manne, wakati mwanamume wa umri wake amekaa chini ya migomba akisubiri ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa. Wote wawili waliomba likizo, lakini aliyepumzika ni mmoja.

Kwa hiyo mapumziko ya Desemba yanapaswa kupangwa na familia nzima, kama inavyopangwa michango ya sherehe. Zamu za jikoni zigawanywe kwa wanaume na wanawake. Saa moja baada ya chakula cha mchana iachwe bila wageni wala kazi, ili anayetaka alale dakika 20 hivi, kwa kuwa kulala kwa muda mrefu zaidi mchana huweza kumwamsha mtu akiwa mzito wa akili. Watoto walale kwa saa ileile kila usiku. Na safari ya kurudi ifanywe siku mbili kabla ya kazi kuanza, mchana, na dereva aliyelala vya kutosha. Mzee wa ukoo anayefungua kikao cha familia mwaka huu na aliweke suala hili kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya kujadili mbuzi.